Misikiti, mahekalu na makaburi ya kale ya Delhi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wetu hatufiki Delhi kwa utalii. Tunakuja na mgonjwa, tunakuja kusoma, au tunafuata mizigo, halafu tunajikuta na siku mbili tatu mkononi tukisubiri majibu ya vipimo au ndege ya kurudi. Maswali haya ni ya watu wa namna hiyo.

## Kabla ya kutoka nyumbani

Nina siku moja tu. Niende wapi?

Usijaribu kuzunguka mji mzima. Delhi ni pana na foleni zake hazina huruma. Ukiandika orodha ya sehemu sita, tatu utaziona kupitia dirisha la gari. Chagua mtaa mmoja uutembee kwa miguu.

Mimi ningechagua Nizamuddin. Upande mmoja wa barabara ya Mathura kuna Kaburi la Humayun na bustani zake, upande wa pili kuna vichochoro vinavyokupeleka kwenye ziara, yaani kaburi linalozuriwa, ya sheikh Nizamuddin Auliya. Ingia kwa Humayun saa tisa au saa kumi alasiri, jua likianza kulegea, kisha vuka barabara ufike ziarani kabla ya magharibi. Kama siku yako ni Alhamisi, umebahatika.

Chaguo la pili ni Chandni Chowk, ambako dini nne au tano zimejipanga kwenye barabara moja. Maelezo yako kwenye sehemu ya mahali kwa mahali.

Siku gani sehemu hizi hufungwa?

Jumatatu ndiyo siku ya kuogopa: Ngome Nyekundu, Hekalu la Lotus, hekalu la Akshardham na Gandhi Smriti (nyumba alikouawa Gandhi) zote hufungwa. Mnara wa Qutb Minar na Kaburi la Humayun huwa wazi kila siku. Gurdwara, nyumba za ibada za Masingasinga, hazifungi, wala misikiti, ila Jama Masjid huwatoa watalii nyakati za sala.

Angalia pia sikukuu za taifa. Kila tarehe 15 Agosti Waziri Mkuu hupandisha bendera Ngome Nyekundu, na ngome hufungwa siku kadhaa kabla yake kwa ajili ya usalama. Kuelekea tarehe 26 Januari, siku ya gwaride, barabara nyingi za katikati ya mji hufungwa.

Viingilio ni kiasi gani, na kwa nini nalipa zaidi ya Mhindi?

Nyumba za ibada karibu zote ni bure. Unacholipia ni majengo ya kale yaliyo chini ya idara ya serikali ya mambo ya kale, na huko kuna bei mbili. Qutb Minar na Kaburi la Humayun, mgeni hulipa rupia 600 hivi, mwenyeji 40 hivi. Raia wa nchi jirani za Asia Kusini hulipa bei ya wenyeji. Sisi hatumo kwenye orodha hiyo. Watoto chini ya miaka 15 hawalipi, kwa hiyo beba pasipoti ya mtoto au picha ya pasipoti hiyo. Hakuna cha kubishana dirishani. Ni mtindo uleule wa mbuga zetu, safari hii tu tumesimama upande wa mgeni.

Beba noti. Wenyeji hulipa kila kitu kwa simu, hata mahindi ya kuchoma, lakini mfumo wao unategemea akaunti ya benki ya India, na kadi za nje hukataliwa mara kwa mara.

Msimu upi ni mzuri?

Februari na Machi. Mei na Juni joto hufika nyuzi 45, na kumbuka kwamba sehemu nyingi utatembea peku juu ya mawe. Julai hadi Septemba ni mvua. Mwishoni mwa Oktoba na Novemba moshi huutanda mji, hasa baada ya Diwali, kiasi cha macho kuwasha. Mwenye pumu asitoke bila barakoa. Desemba na Januari kuna ukungu na baridi ambayo mtu wa Tanga au Mombasa haijui. Nunua sweta.

Nitafikaje huko?

Kwa metro. Ni safi, ni rahisi, na mabango yana Kiingereza. Kila stesheni utapita kwenye ukaguzi kama wa uwanja wa ndege: begi kwenye mashine, mwili kwenye lango, wanawake foleni yao. Behewa la kwanza upande treni inakoelekea ni la wanawake peke yao. Mwanamume akiingia humo atafukuzwa, pengine na kutozwa faini.

Walio kwenye hospitali za kusini, upande wa Sarita Vihar na Jasola, wana bahati. Njia ya zambarau huwapitisha bila kubadilisha treni hadi Kalkaji Mandir (Hekalu la Lotus), JLN Stadium (Nizamuddin na Humayun, umalizie kwa bajaji), Jama Masjid na Lal Quila, yaani Ngome Nyekundu. Qutb Minar iko njia ya manjano, na Akshardham ina stesheni yake njia ya buluu.

Bajaji huko huitwa "auto", ni za kijani na manjano. Mita wanayo ila mara nyingi hawataki kuiwasha. Agiza kwa programu ya simu, au patana bei kabla hujaketi. Dereva mwite *bhaiya*, kaka; hata ubishi wa bei huwa laini.

## Mavazi, viatu, simu

Nivae nini?

Nguo inayofunika mabega na magoti inakupitisha kila mahali. Kanga au mtandio mmoja begini unatosha kwa mwanamke: utajifunika kichwa msikitini, ziarani na gurdwara. Mwanamume naye lazima afunike kichwa gurdwara. Kofia ya kiua inafaa kabisa, na usipokuwa na kitu utapewa kitambaa cha rangi ya machungwa mlangoni. Kaptura ziache hotelini. Akshardham hazikubaliki, na Jama Masjid watakuvisha joho la kukodi ambalo mtangulizi wako amelitolea jasho.

Viatu naviacha wapi, na vikiibwa?

Gurdwara na mahekalu makubwa yana chumba cha viatu: unakabidhi, unapewa kipande chenye namba. Ni bure. Gurdwara Bangla Sahib utashangaa kuona watu wenye uwezo wao wakishughulikia viatu vya wageni. Kwa Masingasinga hiyo ni khidma yenye thawabu. Ziarani Nizamuddin, wauza maua watakuita uache viatu kwao. Ukiviacha, unatarajiwa kununua maua. Jama Masjid unaweza kuvibeba mkononi, soli kwa soli, na ndivyo ninavyoshauri.

Vaa ndala za bei nafuu na soksi nene. Soksi zinakuokoa na jua la mchana na baridi ya asubuhi.

Kwenye mahekalu ya Wajaini usiingie na ngozi kabisa: mkanda, pochi, mkoba. Watu hawa hawadhuru kiumbe chenye uhai, na hekalu lao la Chandni Chowk lina hadi hospitali ya ndege.

Naruhusiwa kupiga picha?

Kwenye majengo ya kale, ndiyo, ila stendi ya kamera inahitaji kibali. Ndani ya Hekalu la Lotus, hapana. Akshardham hata simu huingii nayo: simu, kamera, saa janja, begi, vyote hubaki kwenye kaunta, kwa hiyo kubalianeni mahali pa kukutana kabla ya kutengana. Ziarani na gurdwara, uliza kwanza, na usimpige picha mtu aliye kwenye dua.

## Mahali kwa mahali

Kaburi la Humayun lina nini cha ajabu?

Humayun, mfalme wa pili wa Wamughal, nasaba ya Kiislamu iliyotawala India, alifariki mwaka 1556 baada ya kuanguka kwenye ngazi za maktaba yake, na mkewe Bega Begum akamjengea kaburi ambalo lilikuwa halijaonekana India: kuba kubwa juu ya jukwaa, katikati ya bustani iliyogawanywa na mifereji. Likakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1570. Taj Mahal ilikuja miongo kadhaa baadaye na ilichota hapa. Tofauti ni kwamba hapa utapata kona ya kukaa peke yako.

Ni hapa pia ndipo ufalme wenyewe ulipoishia. Mwaka 1857 mfalme wa mwisho, mzee Bahadur Shah Zafar, alikuja kujificha kwenye kaburi la babu yake, Waingereza wakamkamata na kumpeleka uhamishoni Rangoon.

Bustani na jengo vilitengenezwa upya na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni, haohao walioifanyia kazi Bustani ya Forodhani, Zanzibar. Usikimbilie kuba kubwa moja kwa moja. Kulia baada ya lango kuna kaburi la Isa Khan, la mwaka 1547, lenye pande nane na vigae vya buluu.

Ziara ya Nizamuddin inakuwaje?

Nizamuddin Auliya, sheikh wa tarika ya Chishti, alifariki mwaka 1325, na tangu hapo watu hawajakatika. Husimuliwa kwamba Sultani Ghiyasuddin Tughlaq aligombana naye, akaapa kumshughulikia akirudi kutoka vitani. Sheikh akajibu: Delhi bado mbali. Banda lililojengwa kumpokea sultani likamwangukia nje ya mji, na Delhi haikumwona tena akiwa hai.

Utapita vichochoro vyembamba vya wauza waridi, ubani na kebabu, kisha ghafla unatokea kwenye ua wa marumaru. Karibu na sheikh amelazwa mwanafunzi wake Amir Khusrau, mshairi, aliyefariki mwaka huohuo. Alhamisi baada ya magharibi qawwali hupigwa uani: harmoniamu, dhola, makofi, na sauti zinazopokezana. Mtu aliyekulia kwenye maulidi ya Lamu au Barzanji za mtaani hahitaji kufafanuliwa.

Sasa tahadhari. Watakujia watu na daftari la sadaka, na kurasa zake zitaonyesha kwamba fulani alitoa maelfu. Si lazima. Ukitaka kutoa, toa kidogo kwenye sanduku na usimkabidhi mtu kitita. Wanawake hawaingii chumba chenye kaburi. Hukaa nje kwenye kiambaza cha marumaru kilichotobolewa, wengine wakifunga nyuzi za nadhiri.

Qutb Minar inapandwa?

Hapana. Ilifungwa baada ya msongamano wa tarehe 4 Desemba 1981, taa zilipozimika ndani na watu 45 wakafa, wengi wao watoto wa shule. Utaitazama kutoka chini, na inatosha: mnara wa mita 72 na ushei, ulioanzishwa na Qutb-ud-din Aibak mwishoni mwa karne ya 12 na kuendelezwa na Iltutmish.

Msikiti ulio pembeni ndio wenye mafunzo zaidi. Maandishi ya mlangoni yenyewe yanasema ulijengwa kwa mawe ya mahekalu 27, na ukiziangalia nguzo utaona kengele, minyororo na sura zilizokwanguliwa. Waongozaji wengine hulipita jambo hili haraka, wengine hulifanya hotuba ya kisiasa. Tazama mwenyewe.

Uani kuna nguzo ya chuma, urefu zaidi ya mita saba, ya zama za Gupta, kama miaka 1,600 iliyopita, isiyooza kwa kutu. Siri iko kwenye fosforasi nyingi ndani ya chuma, iliyojenga utando unaokilinda. Zamani watu waliikumbatia kwa mgongo kutafuta bahati. Tangu 1997 imezungushiwa uzio.

Chandni Chowk nianzie wapi?

Anzia mbele ya Ngome Nyekundu, ngome ya mfalme Shah Jahan iliyokamilika mwaka 1648, uende magharibi. Kwanza hekalu jekundu la Wajaini, ubavuni mwake hekalu la Kihindu la Gauri Shankar. Mbele kidogo Gurdwara Sis Ganj, mahali alipokatwa kichwa Guru Tegh Bahadur, kiongozi wa tisa wa Masingasinga, mwaka 1675 kwa amri ya mfalme Aurangzeb. Ingia, kaa chini, sikiliza kirtan, nyimbo zao za ibada. Barabara inaishia Msikiti wa Fatehpuri, uliojengwa na mke wa Shah Jahan mwaka 1650. Kwa mwendo wa kawaida ni nusu saa. Kwa mwendo wa mtu anayependa vitambaa na peremende, siku nzima.

Jama Masjid iko kusini ya hapo, ikakamilika mwaka 1656, ua wake unachukua watu 25,000. Chakula cha halali kimejaa mbele ya lango lake: nihari, biriani, kebabu, mikate ya tanuri.

Gurdwara Bangla Sahib, kweli naweza kula bure?

Kweli. Chakula kinaitwa langar, ni cha kila mtu, na hakuna nyama. Mnakaa chini kwa safu, tajiri na ombaomba bega kwa bega. Mkate pokea kwa mikono miwili, usibakize. Ukipenda kushukuru, nenda jikoni ukasukume chapati. Hawatakukatalia, na chapati zako hazitakuwa mbaya kuliko za Wazungu waliojipanga hapo. Sigara na tumbaku usiingie nazo.

Bwawa lililo pembeni lina historia yake. Mwaka 1664 Guru wa nane, Har Krishan, bado mtoto, alikaa hapa wakati wa maradhi ya mlipuko akiwapa wagonjwa maji, akafariki yeye mwenyewe.

Hekalu la Lotus ni la dini gani?

La Wabahai, lilifunguliwa mwaka 1986, likachorwa na Fariborz Sahba. Petali 27 za marumaru, milango tisa, mabwawa tisa. Ndani hakuna sanamu wala mahubiri, ni kimya tu. Aliyewahi kupanda kilima cha Kikaaya, Kampala, ataitambua familia: hekalu la Wabahai la pale, la mwaka 1961, ni dada mkubwa wa hili.

Akshardham inafaa muda wangu?

Ikiwa una watoto, ndiyo. Ni jengo jipya, la mwaka 2005, si la kale hata kidogo, ingawa mawe yamechongwa kwa mtindo wa zamani. Ni la jumuiya ya Kihindu ya BAPS Swaminarayan, wenye hekalu maarufu Nairobi pia. Kuingia bure, maonyesho na chemchemi ya usiku hulipiwa.

## Dini yangu na dini yao

Mimi ni Muislamu. Nitaswali wapi, na kuna tofauti gani?

Misikiti ni mingi, kibla ni magharibi. Wenyeji wengi ni Hanafi, kwa hiyo mtu wa Shafii ataona mambo mawili: alasiri huadhiniwa baadaye kuliko alivyozoea, na alfajiri hakuna kunuti. Hakuna atakayekusumbua ukiswali kama ulivyofunzwa.

Wanawake wajue kwamba misikiti mingi ya mitaani haina sehemu yao. Jama Masjid wanaingia. Ukiambiwa pale mlangoni "muda wa watalii umekwisha", sema unataka kuswali.

Mimi ni Mkristo. Kuna makanisa ya kale?

Yapo. St James' karibu na Kashmere Gate, la mwaka 1836, lilijengwa kwa gharama ya James Skinner, mwanajeshi chotara aliyeweka nadhiri akiwa amejeruhiwa vitani. Wakatoliki huenda Sacred Heart, karibu na Bangla Sahib. Misa za Kiingereza zipo.

Nikiingia hekaluni nitalazimishwa kuabudu? Na wakinipa chakula au kunipaka rangi?

Halazimishwi mtu. Simama pembeni, usiwape mgongo waliosujudu. Hukumu ya kuingia muulize sheikh au mchungaji wako kabla ya safari. Ukurasa huu hauna mamlaka hayo. Akija mtu na rangi ya paji la uso na hutaki, unganisha viganja kifuani, inamisha kichwa, rudi hatua moja. Prasad, yaani chakula cha hekaluni, ni hivyohivyo. Ukiipokea, pokea kwa mkono wa kulia, na usiitupe mbele yao.

## Maswali ya pembezoni

Kuna chochote Delhi kinachotugusa sisi wa Afrika Mashariki?

Zaidi ya unavyodhani. Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Miaka michache baadaye alikuwa kadhi Delhi, chini ya Sultani Muhammad bin Tughluq, na ameuandika msikiti wa Qutb na mnara wake. Ukisimama uani pale, unatazama alichokitazama mtu aliyetoka kwetu punde.

Halafu kuna Razia, mwanamke aliyeitawala Delhi kuanzia 1236 hadi 1240. Wakuu wa Kituruki walimchukia kwa mengi, mojawapo likiwa kumpandisha cheo Yaqut, Mhabeshi, akawa msimamizi wa farasi wa kifalme. Kaburi linalosemekana kuwa la Razia limebanwa na nyumba karibu na Turkman Gate. Hakuna tiketi wala bango la maana. Uliza "Razia Sultan" na utapelekwa na watoto.

Na India Gate, lango la ukumbusho wa askari, ukiinua macho usome maandishi, utakuta Afrika Mashariki imetajwa kati ya sehemu walipoanguka askari wa Kihindi. Hao ni pamoja na walioteremshwa Tanga Novemba 1914 na kupigwa na Wajerumani.

Mbona watu wananikodolea macho na kutaka picha nami?

Utakodolewa, tena sana, hasa na waliotoka mikoani kuja kutembea kama wewe. Wengi ni udadisi tu. Wachache ni kebehi, na hilo tusilifunike: Waafrika wamewahi kushambuliwa Delhi. Kataa picha kwa *nahi*, hapana, endelea kutembea, na usiku rudini kwa kundi. Walinzi wa maeneo haya husaidia ukiwaendea.

Mtu ameniambia sehemu niendako imefungwa leo. Ni kweli?

Karibu kila mara si kweli. Anataka akupeleke duka la mazulia au ofisi ya "watalii" apate kamisheni. Siku halisi za kufungwa zimetajwa juu. Fika mlangoni ujionee.

Mgonjwa wangu hatembei vizuri. Wapi panamfaa?

Bangla Sahib na viwanja vya Qutb Minar. Kaburi la Humayun bustani inapitika kwa kiti cha magurudumu, jukwaa lina ngazi kali. Jama Masjid ni ngazi tupu. Hekalu la Lotus lina mwendo mrefu kutoka langoni, juani. Ziarani Nizamuddin siku ya Alhamisi usimpeleke: msongamano ni wa kusukumana.

Nina kadi ya OCI, ya raia wa nje wenye asili ya India, kwa sababu babu alitoka Gujarat. Nalipa bei gani?

Ya wenyeji. Onyesha kadi yenyewe. Nakala kwenye simu huzua mabishano.

Taj Mahal naweza kwenda na kurudi siku moja?

Ndiyo, isipokuwa Ijumaa, siku ambayo hufungwa. Treni ya Gatimaan huondoka stesheni ya Hazrat Nizamuddin asubuhi na kufika Agra kwa muda wa kama saa moja na dakika arobaini. Mgeni hulipa rupia 1,100, na 200 zaidi akitaka kuingia kaburini. Kata tiketi ya treni siku kadhaa mapema, na usile chochote unachopewa na jirani wa kiti.